Bondia Aliyelishwa Njahi

Pale Kiuu, ukuta wa kibanda changu cha chapati ndio huo huo ukuta wa kinyozi. Ni mabati tu, tena mabati membamba, kwa hiyo kila upuzi unaosemwa upande ule huufikia upande wangu ukiwa bado moto. Nimesikia mengi kupitia mabati yale. Serikali zimeangushwa na kusimamishwa tena, makocha wa Ulaya wamefutwa kazi, wake za watu wamechambuliwa kama mchele. Lakini hakuna mjadala ulionichosha kama ule wa nani atakuwa bondia mkubwa ajaye wa paundi kwa paundi.

Kwa asiyejua, mabondia hupigana kwa uzito: mwepesi na mwepesi, mzito na mzito. Sasa watu wasio na kazi wakakaa wakajiuliza, je, tukisahau kilo, tukamtazama kila mmoja kwa ufundi wake peke yake, ni nani aliye bora duniani? Huyo ndiye wa paundi kwa paundi. Ni swali lisilo na jibu, na ndiyo sababu wanaume wa kinyozi walilipenda. Lenye jibu lingewalazimu wanyamaze.

Mkubwa wa sasa alikuwa anazeeka, kwa hiyo walikuwa wanamtafutia mrithi. Kulikuwa na chama cha Mmarekani, chama cha Mmexico, na chama cha kijana mmoja wa Uzbekistan, nchi ambayo hakuna hata mmoja wao angeweza kuionyesha kwenye ramani. Walitazama mapigano kwenye simu ya mwenye kinyozi, vichwa vyote vimeinamia kioo kimoja, na mteja amekaa kitini nusu kichwa kimenyolewa, anangoja raundi iishe. Kisha wanaanza. Huyu hana taya. Yule miguu yake imekufa. Ningekuwa mimi ningempiga ya mbavu. Ungekuwa wewe! Kati yao wote hakuna aliyewahi kupigwa ngumi ya maana, ukimwondoa broka wa ploti, yaani dalali wa viwanja, ambaye alizabwa kofi na mama mmoja wa Githurai baada ya kumuuzia ploti ambayo kumbe ni barabara.

Broka huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, ingawa hakuna aliyemchagua. Alikuwa na shati la mikono mirefu, viatu vyenye vumbi la mashamba ya watu wengine, na sauti ya mtu aliyezoea kusifia mawe. Nadharia yake ilikuwa moja: bondia hawi mkubwa mpaka apande uzito. Achukue mkanda huku chini, apande, achukue mwingine, apande tena.

"Bondia ni kama ploti," alisema siku moja, nami nikamsikia wazi huku nikisukuma unga. "Ikikaa bei moja miaka yote, hiyo ni hasara. Lazima ipande."

Upande wa pili wote wakaitikia kama waumini. Mimi nikacheka peke yangu. Debe tupu haliachi kuvuma, nikasema moyoni, na ningeendelea kucheka hadi leo kama wasingemgusa mdogo wangu.

Mdogo wangu nimemlea tangu mama alipotuacha. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja, pazia katikati, na kila jioni alienda Thika kufanya mazoezi katika ukumbi mmoja wenye sakafu ya mbao zinazolia. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na mikono yake ilikuwa na haraka ambayo hata mimi nisiye na muda wa ngumi niliiona. Alipokuwa akinisaidia kupanga chapati, mkono ulikuwa umesharudi kabla hujaona umeenda.

Ngumi hapa kwetu hazimlishi mtu. Anachoweza kupata bondia wa ridhaa ni kazi: timu za vikosi vya serikali huchukua mabondia, na ukichukuliwa unavaa sare, unalipwa mshahara kama askari wengine, na kupigana kunakuwa sehemu ya kazi yako. Kocha wa timu moja kama hiyo alikuwa amemwona mdogo wangu akipigana Juja. Mtu wake wa uzito mdogo, kilo hamsini na saba, alikuwa anastaafu. Akamwambia kocha wa Thika, "Niwekee huyu hivi hivi alivyo. Nikija kwenye mashindano yenu nataka nimwone tena, halafu tuongee."

Hivi hivi alivyo. Hata mtoto wa nasari angeelewa. Mimi nilielewa nikaanza kumpimia chakula: chapati moja, mboga nyingi, uji asubuhi. Nilikuwa nimeshamwona ndani ya sare. Nilikuwa nimeona hata ule upande wake wa chumba ukibaki wangu peke yangu, na sioni haya kusema hivyo.

Watu wa kinyozi wakapata habari, kwa sababu mdogo wangu mwenyewe aliwaambia. Hapo Mmarekani akawekwa kando, Mmexico akawekwa kando, na kilo za ndugu yangu zikawa ajenda. Broka akaja mpaka dirishani kwangu.

"Mama chapo, huyu kijana mnamharibu."

"Nani anamharibu?"

"Nyinyi. Mnamweka kwa uzito mmoja kama gari iko juu ya mawe. Huyo kijana ni materio ya bingwa. Apande kidogo tu, huyo kocha akimuona huko juu, si atashangaa?"

"Kocha amesema abaki alivyo."

"Amesema hivyo sababu hajamuona akipanda. Mtu hawezi kutaka kitu hajaona."

"Wewe uliuza barabara," nikamwambia. "Usiniletee mambo ya kuona."

Akacheka. Watu wa aina hiyo huwezi kuwatukana, matusi huwateleza. Akarudi zake ndani, na mchana huohuo nikasikia kupitia mabati wakimwita mdogo wangu Bingwa. Mwenye kinyozi alimnyoa bure, akamchonga kichwa kwa mtindo wa yule Muuzbeki. Walimweka kwenye orodha yao, eti baada ya fulani na fulani, huyu wa Kiuu ndiye anayekuja. Walimvika kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa kilemba kiingie vizuri.

Kisha wakaanza kumlisha. Mwenye kinyozi alileta mayai na maparachichi. Mwingine alileta supu ya kichwa. Lakini aliyevunja rekodi ni broka. Mke wake alikuwa amejifungua siku chache tu zilizopita, na kama ilivyo desturi yetu, wanawake walikuwa wanaenda kumwona mtoto wakiwa wamebeba njahi. Njahi ndicho chakula cha mzazi: yale maharagwe meusi, yaliyopondwa na ndizi, ili damu irudi na maziwa yashuke. Broka alikuwa anachota njahi ya mke wake kwenye mkebe wa plastiki, anaileta kinyozi, anasimama juu ya ndugu yangu mpaka amalize.

Siku moja mdogo wangu alirudi nyumbani na mkebe ule ukiwa na mabaki, nami nilipoufungua na kuona kilichomo niliufunika tena. Mwanamke yuko kitandani huko Mwihoko ananyonyesha, na mumewe anamnyang'anya sahani ili kutetea hoja kinyozi.

"Unajua hiki ni chakula cha nani?" nikamuuliza mdogo wangu usiku ule.

"Ni ya nguvu."

"Ni ya mama aliyezaa. Wewe umezaa?"

"Sis, wewe hujui mambo ya paundi-fo-paundi," akasema, na akageukia ukuta. Sikuwahi kumsikia akisema na mimi kwa sauti ile. Ilikuwa sauti ya kule ng'ambo ya mabati.

Nilimfuata kwa maneno kila siku. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamfichia ufunguo wa nyumba. Hakusikia. Kule Thika alifanya mazoezi na jaketi zito, akamwambia kocha wake kwamba anatoa jasho. Kocha ana vijana wengi, akaamini. Mashavu yakaanza kujaa. Wanaume wa kinyozi wakawa wanamminya mkono kama watu wanaonunua mbuzi.

Siku ya mashindano nilifunga kibanda nikaenda Thika. Asubuhi ni kupima uzito. Mdogo wangu akavua jaketi, akapanda mizani, na kocha wake akatazama, akapangusa kioo cha mizani kwa kidole, akatazama tena.

"Umekula nini wewe?"

"Njahi."

Ukumbi mzima ulicheka, hata mabondia wa timu nyingine waliokuwa wamekaa na njaa zao wakingoja zamu. Kocha hakucheka. Alisema kwamba kwa uzito huo atapanda mpaka juu kule kwa wale wa kilo sitini na tatu au arudi nyumbani. Nilimwona mdogo wangu akitazama mlangoni, ambako chama chake kizima kilikuwa kimesimama, na broka akainua vidole viwili kama mwanasiasa. Akasema atapanda.

Na alishinda. Hilo lazima niliseme, kwa sababu wao hawajaacha kulisema. Alipewa mtu mwenye mabega mapana, akapigwa raundi ya kwanza mpaka pua ikafunguka, na mikono yake ile ya haraka ilikuwa inachelewa, inafika mahali mtu ameshatoka. Raundi ya pili akapasuka juu ya jicho. Alijishikilia kwa ukaidi wa mama yetu, akarudisha, akarudisha tena, na mwishoni majaji wakampa, kwa pointi chache. Kiuu wote wakaruka. Broka alikuwa analia machozi halisi.

Kocha wa timu ya askari alikuwa amekaa mstari wa mbele na tracksuti yake ya kijani. Pigano lilipoisha alimwendea kocha wa Thika, nami nilikuwa nimesimama karibu nikishika taulo.

"Yule mdogo wa Juja yuko wapi? Yule wa mikono."

"Ndiye huyu."

Akamtazama mdogo wangu kutoka juu mpaka chini, yule mtoto amesimama mbele yake, damu kidevuni, akitabasamu.

"Lakini huyu ni mtu mwingine," akasema. "Uzito huu ninao watu mpaka wengine nimewapeleka jikoni." Hakuwa na ubaya, alisema kama mtu aliyetumwa chumvi akakuta sukari. "Pole, kijana. Umepigana vizuri."

Akamchukua kijana mmoja wa Makongeni wa kilo hamsini na saba, ambaye alikuwa amepoteza pigano lake siku hiyohiyo, na ambaye ndugu yangu aliwahi kumtandika kwenye ukumbi uleule. Alimchukua kwa sababu anafundishika na kilo zake ndizo zilizotakiwa. Nilimwona kijana yule akipiga simu kwao. Alikuwa anaruka ruka kwa mguu mmoja.

Chama cha kinyozi hakikuona hayo. Kilikuwa kinambeba ndugu yangu begani kuelekea stendi.

Sasa hivi anafanya mjengo Mwihoko. Mawe na saruji vimemkausha mpaka amerudi kwenye kilo zake za zamani, ila hakuna anayezipima. Kocha wa askari hajarudi Thika, na kwa nini arudi, ana mtu wake.

Lakini mimi ninachokumbuka zaidi ni asubuhi ya baada ya mashindano. Niliamka na hasira iliyokuwa imelala nami. Niliacha unga kwenye karai, nikazunguka, nikaingia kinyozi, mahali ambapo sikuwa nimewahi kuingia. Walikuwa wote. Wakanishangilia, wakadhani nimekuja kusherehekea.

Niliwaambia yote. Niliwaambia hawajui ngumi, hawajui kilo, hawajui hata Uzbekistan iko wapi. Nilimwambia broka kwamba mwanamume anayempokonya mzazi sahani hana haki ya kufungua mdomo mbele ya wanawake. Niliwaambia kulikuwa na kazi, kazi ya kweli yenye sare na bima ya matibabu, na wameiuza kwa mkebe wa njahi. Mimi nina mdomo, nakubali, na siku ile niliutumia wote. Hakuna aliyenikatiza.

Halafu broka akasema polepole, bila kukasirika, "Lakini alishinda."

"Alishinda," mwenye kinyozi akaitikia.

"Si alishinda? Alipanda na akashinda."

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa kwenye kiti, kitambaa shingoni, jicho moja limefungwa kabisa, mdomo umevimba upande. Nilingoja. Nilijua yeye anajua. Alikuwa amesimama pale pale, alisikia kila neno la yule kocha kwa masikio yake.

"Sis, wachana nao," akasema akinitazama kwenye kioo cha ukutani. "Nilishinda."

Akatabasamu na ule mdomo wake mbovu, na wote wakapumua, na mmoja akauliza sasa apande tena mpaka wapi. Nilimtazama mtoto niliyemlea nikaona ninamdharau. Wale wengine nilikuwa nimewadharau miaka mingi na haijanigharimu kitu. Yeye nilikuwa sijawahi kumdharau mpaka siku ile, na hilo ndilo sijawasamehe.