Mtani wangu alichukua mashine ya alizeti kwa utani, Jumamosi tunamzika

Admin, jina langu lifiche, ila sifa zangu ziache. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na ushee, Mgogo wa Haneti, babu wa kundi zima. Mungu alinipenda kuliko wenzangu. Shule niliishia darasa la tano, lakini nimetembea Tabora, Arusha mpaka Nairobi, na leo kila asubuhi nafungua geti la kiwanda cha mafuta ya alizeti hapa Dodoma mjini, magari ya watu wenye digrii yananisubiri mimi. Kwa hiyo msinionee huruma. Nataka ushauri tu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Duka la ushirika limefungwa, biashara imeachiwa, kila mtu anaambiwa ajitegemee, na sisi Haneti mtaji wetu ulikuwa jua. Ofisi ya mkoa ya viwanda vidogo ikatangaza inatoa mashine za kukamua alizeti, zile za mkono, kwa kijiji chenye banda, chenye alizeti ya kutosha na chenye mtu wa kukabidhiwa. Nani alihangaika? Mimi. Niliwabembeleza majirani wapande alizeti pale walipozoea uwele, nikafyatua matofali ya banda na mke wangu akikanyaga udongo na mimba yake, nikamfuata mama wa ile ofisi mpaka akachoka kuniona.

Sasa nilikuwa na mtani, Mhehe, fundi baiskeli aliyeoa kwetu akahamia. Mnatujua. Yeye akiniona ananitupia kipande cha muhogo, ananiuliza ombaomba leo mbona umechelewa. Mimi mbwa asipoonekana kijijini, namwuliza mkewe wamemla na ugali au na wali. Tulipendana, sikatai.

Siku ya kukabidhi mashine mkutano ulijaa. Yule mama akauliza ni nani anayekabidhiwa, watu wote wakanigeukia. Na mdomo wangu, jamani, ukiona watu wengi hautulii. Nikasimama nikasema, "Mama, mimi ni mtumwa tu. Bwana wangu ni huyu Mhehe, alininunua kwa mkia wa mbwa. Mashine mpe yeye, mimi nitalamba mashudu yanayobaki mafuta yakishakamuliwa."

Kijiji kizima kikacheka. Mama akacheka mpaka akafuta macho. Mtani akajivuta mbele kama chifu, akapokea, na mimi mwenyewe nikapiga makofi nikijua ni mchezo, jioni atanirudishia.

Hakurudisha. Nilipomfuata kwake akaniuliza, "Tangu lini mtumwa akawa na mashine?" Nikacheka, maana mtani huwezi kumkasirikia. Mavuno yakaja, anakamua yeye. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akacheka, akasema hapo kwake hakuna kesi ya watani, na isitoshe nilitamka mwenyewe mbele ya serikali. Kule ofisini mjini yule mama alinikumbuka, akawaita wenzake waje wamwone mtumwa. Kadiri nilivyolalamika ndivyo walivyoshika mbavu. Wakadhani nawaburudisha.

Baadaye mtani akahamia mjini na mashine yake. Serikali ikampeleka mafunzo, ikamsaidia kupata mashine ya umeme, na kwenye maonyesho ya wakulima anasimamishwa mbele awe mfano wa mzawa aliyeshikwa mkono akasimama. Kwenye kila hotuba alisema alianza na mtumwa mmoja. Watu hoi. Mke wangu amekufa akiyanunua mafuta yale kwa chupa.

Juzi mtani naye amefariki. Mwanawe mkubwa amekuja nyumbani, macho mekundu. "Shikamoo baba. Mzee ameacha neno kwamba kaburini ukae wewe. Utakachotaka tutatoa."

Kwa msiojua, mtani hushuka kaburini kabla ya jeneza, anagoma kutoka mpaka apewe kitu. Wafiwa wanatoa kuku au noti, watu wanacheka kidogo, roho zinapumua, maziko yanaendelea.

Mimi kuku sitaki. Nimeapa nitalala chali mle shimoni na nitadai kiwanda. Chote, mpaka mapipa. Mbele ya mjane, mbele ya wakubwa wa mkoa watakaokuja na mashada. Jeneza likae juani mpaka mtu mmoja atamke kwa sauti kwamba mashine ile ilikuwa yangu. Na yeye mle ndani asubiri kama nilivyosubiri mimi, aone utamu wake. Nikiliwaza jambo hili usingizi unaniruka kwa raha.

Kinachonitisha ni kwamba watacheka. Nikidai kiwanda watasema hajawahi kutokea mtani mkali namna hii, na nitakuwa nimempambia maziko yake. Nikiacha utani nikasema kwa machozi kwamba huyu ni mwizi, nitakuwa nimemtukana marehemu kaburini, na kwetu aibu hiyo haifutiki. Tena huyo mwanawe ndiye aliyembeba mke wangu mgongoni kumpeleka wodini, akalala naye huko siku nilipokuwa sina nauli. Yeye nina kisasi naye gani? Lakini nikikaa kimya nikapokea kuku, basi nimekubali mimi ni mtumwa, na safari hii hakuna wa kunirudishia.

Nyie mliosoma, nyie mnaojua utani, semeni neno kabla ya Jumamosi: nidai nikicheka, nidai nikilia, au nisiende kabisa?

Na msije mkanishauri kama tajiri. Kiwanda nilichojisifia sina, ni hicho hicho cha mtani. Geti nalifungua kwa sababu mimi ndiye mlinzi wake.