Tabasamu la Marehemu Mama

"Huyu ni nani?" bibi aliuliza akiinua picha, na sisi sote kwenye kaunta ya studio ya picha mtaani Bakoba tukageuka.

Alikuwa ametoka kijijini Kagoma na mjukuu wake wa kama miaka saba. Ugonjwa ulimchukua binti yake, mama wa mtoto, kabla mtoto hajamjua, na picha pekee iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho, mdomo umekazwa. Bibi aliomba wamwekee tabasamu. Fundi, kwa kompyuta yake mpya, alikuwa amempachika marehemu meno meupe ya mtu mwingine kabisa.

"Bibi, hilo ndilo tabasamu la kisasa," alisema.

Nilikuwa nangoja picha za fomu ya chuo, lakini nilishindwa kuvumilia. "La kisasa kwa nani? Mtoto akue akidhani hiyo ndiyo sura ya mama yake?"

Bibi akanishika mkono nitulie. "Waitu, mpendwa wangu, binti yangu hakuonyesha meno mbele ya wageni. Alifunga mdomo, mashavu yakapanda, macho yakawa madogo. Hivi." Akatabasamu mwenyewe.

Fundi alimtazama kwa makini. Akafuta meno, akarudisha mdomo wa kwanza, akainua pembe zake kidogo tu, kisha mashavu na kope za chini.

"Ee! Ndiye," bibi alisema, akashusha pumzi ndefu.

Mjukuu akaangalia kompyuta, kisha uso wa bibi. "Mnafanana."

Hasira zikaniisha. Siku hizi hata tabasamu tunataka kuagiza nje. Mafundi wa picha, kabla hamjagusa mdomo wa marehemu, naomba muwaulize waliokula naye alichekaje.