Betri za Fernande Bolduc

Fernande Bolduc aliuingia msimu ule wa sharubati akiwa amekwisha kuchoka. Wengine huchoka mwishoni, mapipa yanapojaa na macho yanapowaka kwa moshi. Yeye uchovu ulimkuta mwezi wa pili, theluji ingali mapajani na hata tone la utomvu halijashuka. Mumewe, Réjean, alikuwa ametolewa kipande cha pafu, na sasa alichoweza ni kukaa kando ya tanuri la kuchemshia utomvu, kuchungulia moto na kukohoa. Kilima chote cha miti ya mepo, ambayo utomvu wake huchemshwa kuwa sharubati, nyuma ya nyumba yao pale Beauce, kikabaki mikononi mwa mke mwenye miaka sitini na ushei na nyonga iliyoanza kugoma.

Kazi ya kilima ni kutembea. Kila mti hutobolewa na kufungwa mrija mwembamba, mirija ikaungana kwenye mabomba yanayoteremka hadi kibandani, ambako pampu huvuta utomvu. Kindi akitafuna mrija mmoja tu, hewa inaingia, mvuto unalegea, na utomvu unabaki mtini. Hapo mtu hana budi kuvaa viatu vya theluji na kuifuata mirija, akitega sikio asikie inapofyonza hewa.

Binti yao wa pekee, Josiane, alikuwa mhandisi wa mambo ya umeme kule Sherbrooke. Baba yake alipopasuliwa, alishinda jioni nyingi mezani kwake akitengeneza vihisi: visanduku vya kujaa kiganja, kila kimoja na paneli ndogo ya sola, betri na redio. Alivifunga kwenye mabomba kilima kizima ili vipime mvuto na kutuma habari kibandani, na kutoka hapo hadi kwenye simu ya mama yake na yake mwenyewe. Penye uvujaji, alama ya kijani ingegeuka nyekundu.

“Mama, mwaka huu hupandi ovyo ovyo,” alisema. “Unakwenda palipo na shida tu.”

Fernande alimshika mashavu akambusu. Aliuona wekundu wa macho ya binti yake, akajua amekosa usingizi kwa ajili yao.

Vihisi vilifanya kazi vizuri mpaka baridi kali ilipoingia. Theluji ikafunika paneli. Hata Fernande alipoifuta, upande wa kaskazini jua lilipita chini nyuma ya mgongo wa kilima bila kuzigusa. Tena betri za aina ile haziruhusiwi kuchajiwa zikiwa zimeganda, maana zinaharibika, na Josiane aliweka kinga ya kuikata chaji baridi inapozidi. Basi zilitoa tu, hazikupokea. Vihisi vikaanza kunyamaza.

Fernande angeweza kumpigia binti yake simu na kusema. Hakusema. Alichukua betri za akiba alizoachiwa na Josiane, akapanda nazo, akabadilisha zilizokufa, akarudi nazo katika mfuko wa ndani wa koti. Jikoni alizipanga karibu na jiko la kuni zipate joto kidogo kidogo, kisha akazichomeka kwenye chaja. Kesho yake akapanda tena. Vitu vilivyoletwa kumpumzisha miguu vikawa vinampandisha kilima kila siku, mvuto uwe mzuri au mbaya.

Réjean alimtazama akivua buti huku ameuma meno. “Zamani ulitafuta matundu,” alisema. “Sasa unatafuta matundu na unalisha vidudu.”

“Nyamaza, usije ukamaliza pumzi iliyobaki.”

“Mwambie mtoto.”

“Nitamwambia.”

Kila Jumapili Josiane alipiga simu, na siku nyingine katikati ya wiki pia. Aliona alama zote za kijani, akafurahi, akaeleza namna alivyopanga hesabu ya umeme hata ukatosha. Fernande alimsikiliza huku akijichua nyonga. Alimjibu kwamba ndiyo, anaviona, vyote viko hai.

Utomvu ulipoanza kushuka kwa nguvu, homa ikamwangusha. Alijaribu kuvaa buti, akaishia kukaa kitandani, buti moja mguuni. Jirani alikuja kumsaidia Réjean na tanuri, lakini kilimani hakupanda mtu. Kule Sherbrooke, Josiane aliona alama zikizimika, moja baada ya nyingine, kuanzia juu kabisa na kuteremka kwa mpangilio ule ule wa njia ya mama yake. Akajua hitilafu haitembei namna hiyo. Akapiga simu. Baba yake alipokea, akasema mama amelala. Ilikuwa saa sita mchana. Josiane alichukua funguo za gari.

Alipoingia jikoni, alizikuta betri zimejipanga karibu na jiko, katikati ya mkate na glavu zilizoanikwa. Alisimama hapo na koti lake, kisha akaenda chumbani.

“Umekuwa ukizibadilisha tangu lini?”

“Tangu baridi,” Fernande alisema.

“Kila siku? Na nyonga hiyo? Mimi huko nachekelea kama mjinga, kumbe betri ni wewe.”

Fernande alifumba macho. Hakuwa na nguvu ya kutunga jibu jingine, akatoa lililokuwepo. “Kabla ya hivi vidude ulikuwa unapiga Krismasi na siku yangu ya kuzaliwa. Nilifikiri vikifa, na simu zitakufa.”

Josiane alikaa pembeni ya kitanda. Hakuomba radhi wala hakulia. Alimvua mama yake ile buti, akaiweka chini, akaendelea kuushika mguu.

Alibaki kwa siku kadhaa. Kilimani alizisimamisha paneli wima, theluji isikae juu yake na mwanga unaorudishwa na weupe wa chini uzifikie. Kinachokula umeme zaidi ni kutuma habari, na awali alikuwa amevipangia vihisi vitume kila dakika. Alikiri kwamba si kazi iliyotaka hivyo, ni yeye aliyependa kuona nyumbani kunapumua. Sasa akavipangia vitume mara chache kwa saa. Badala ya betri, aliweka vihifadhi vinavyobeba umeme kidogo lakini visivyojali baridi. Upande wa kusini vihisi vikasimama vyenyewe. Kaskazini, hata hivyo, umeme haukutosha. Giza lilikuwa giza.

“Ng'oa mirija ya huko,” Fernande alisema.

Josiane alimgeukia baba yake, kwa sababu miti ya kaskazini ndiyo aliyoanza nayo babu yake. Réjean alikohoa, akatazama moto.

“Ng'oa,” akasema. “Mama yako amechoka. Na mimi nimechoka kumwona anapanda.”

Sharubati ilipungua mwaka ule, na kilima kikabaki nusu. Vihisi viwili vya kusini viliendelea kuzimika siku za mawingu, na hakuna aliyevikimbilia. Nyonga haikupona, daktari alisema itabidi ibadilishwe, asubiri zamu. Theluji ilipoyeyuka, Fernande na Josiane waliteremsha mirija ya kaskazini, mmoja akivuta na mwingine akikunja. Walipofika kwenye miti ya mwisho, Fernande aliketi juu ya gogo na kumwachia binti yake amalizie.