Robo Kilo ya Maharage

Siwema alimpikia mume wake miaka yote ya ndoa yao bila kupima kitu. Unga aliukadiria kwa macho, chumvi kwa ncha za vidole, usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa kiganja. Erasmo, mvuvi wa kijiji cha Kihagara kando ya ziwa, alikula akashiba. Kisha figo zikamharibikia, uso na miguu vikavimba.

Hospitalini, nesi Hilda alimweleza taratibu. "Mama, mzee asile samaki hovyo. Usipa mkavu, gramu hamsini kwa siku. Akila maharage, usipa asile. Nayo yawe gramu hamsini kabla hujayapika."

"Gramu hamsini ni kikombe gani, binti yangu?"

Hilda aliitazama mizani iliyokuwa mezani. "Kapime dukani, mama. Mizani yetu hapa ni ya watoto wachanga."

Mizani ya dukani kwa Wendelin ilikuwa ya mawe, na jiwe dogo kabisa lilikuwa la robo kilo. Wakapima robo ya usipa, wakaumwaga juu ya gazeti, wakaugawa mafungu matano yanayolingana. Fungu moja likajaza kikombe cha bati alichokuja nacho Siwema.

"Basi hicho hicho, Mama Methodi," alisema Wendelin. "Kikombe kimoja kwa siku."

Siwema alirudi nyumbani moyo umetulia. Usipa ulipoadimika ziwani, akahamia kwenye maharage, akayachota kwa kikombe kile kile, mpaka ukingoni. Erasmo alifurahi kuona bakuli limejaa. Lakini miguu ilizidi kuvimba, na asubuhi alitapika.

Maharage yalipokwisha, Siwema alirudi dukani. Wendelin akampimia robo kilo, na kwa kuwa mifuko ilikuwa imeisha, akayamimina kwenye kikombe cha Siwema. Yakaingia yote.

Siwema alikitazama kikombe. Robo nzima, mafungu yote matano, kwa mlo wa siku moja.

Alipanda gari la kwanza lililokwenda hospitalini. "Nimemuua mume wangu," alimwambia Hilda, na kumweleza.

Hilda alimkalisha kwenye benchi. "Hapana, mama. Maharage yamemwongezea kutapika, sikufichi. Lakini figo zilikuwa zimekwisha tangu mlipokuja mara ya kwanza. Tulikuwa tunampunguzia mateso tu."

"Kwa hiyo hata ningepima sawasawa?"

Mashine ya kusafisha damu ilikuwa mbali, na walikwisha kuambiwa kwamba angeihitaji kila wiki, maisha yake yote. Siwema hakujua lipi lilimuuma zaidi: kwamba alikosea, au kwamba kupatia kusingesaidia.

Aliporudi, Erasmo alikuwa amelala ubavu. "Mama Methodi," alisema, "nipikie mbasa. Mzima."

Siwema akamtafutia mbasa, samaki mnono wa ziwani, akamuunga kwa nyanya, akampelekea na ugali wa moto. Erasmo alimega kipande kimoja, akakitafuna muda mrefu, kisha akaisogeza sahani kando.

"Kula basi, baba."

"Hakipiti."

Alikufa kabla ya Jumapili. Methodi, mtoto wao anayefanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe kule Ngaka, alifika kaburi limekwisha kufukiwa. Alimkuta mama yake jikoni, moto umezimika. Akamwamkia. Siwema akaitikia, akamsogezea kigoda, na wote wawili wakakaa mbele ya majivu.