Makala Saba za Bi Udongo

Mkuu wa idara yetu simpendi hata kwa dawa, nianze na hilo. Ninayempenda ni Bi Udongo, aliyekuwa mkewe. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana miaka ishirini sasa anapima udongo, anaubeba kwenye makopo ya maziwa ya unga, na kucha zake hazijawahi kutakata.

Alipokuwa ndani ya ndoa aliandika makala saba. Aliziandika kwenye meza ya jikoni, sufuria ikichemka pembeni, mtoto mapajani. Akatumia jina la mume, kama wengi wanavyofanya. Walipoachana, bwana aliondoka na makochi, friji na mapazia ya sebuleni. Bi Udongo akarudia jina la baba yake, akaendelea na makopo yake.

Mimi ni mkutubi. Natunza programu ya marejeo, ile inayoorodhesha nani kaandika nini. Programu ile haimjui mtu. Inajua jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina la mtu, basi. Na wale wawili, kwa mkosi, herufi yao ya kwanza ilikuwa moja. Kila mwaka iliniuliza kama hawa ni mtu mmoja, na kila mwaka nilijibu hapana, zile saba nikaziacha kwa Bi Udongo.

Mwaka huu mkuu alikuwa anautafuta uprofesa. Akaja akasimama nyuma ya kiti changu, marashi yake yakinikaba koo.

"Majina yangu yametawanyika, dada. Hebu yaunganishe."

"Lakini mkuu, makala saba hapa ni za—"

"Mkataba wako nani anausaini?"

Nikabonyeza ndiyo. Sijitii utakatifu: kidole kilikuwa changu. Siku ile ile akaagiza orodha ifungwe, iende kamati ya vyeo. Ikishafungwa, ni kamati peke yake inayoweza kuamuru ifunguliwe.

Wiki iliyofuata Bi Udongo alikuja na barua mkononi. Naye alikuwa ameomba kupanda cheo, awe mhadhiri mwandamizi, na hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Barua ilisema ana makala mbili. Zinatakiwa tano.

"Mdogo wangu, makala zangu zimekwenda wapi?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane, na ningestahili. Badala yake akaikunja barua mara nne.

"Makochi nilimwachia," akasema. "Hizi simwachii."

"Orodha imeshafungwa, dada."

"Hiyo ni orodha. Makala zenyewe, umewahi kuipelekea kamati?"

Kweli, hakuna aliyewahi. Kamati ile huhesabu mistari ya orodha tu, haifungui kitu, na mkuu alilijua hilo vizuri kuliko sisi sote. Siku ya kikao nikatoa nakala za zote saba, kwa karatasi za ofisi yake mwenyewe, nikaweka rundo mbele ya kila mjumbe. Waombaji walikuwa wameketi kando ya ukuta. Bwana yule alimtazama mtalaka wake kana kwamba anatazama kiti kitupu.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani mizito, alisoma makala ya juu huku waombaji wengine wakihojiwa, kisha akaiinua.

"Hii nimeisoma yote, mkuu. Ni nzuri sana. Umeiandika mwenyewe?"

"Kwa jasho langu, mwenyekiti."

"Basi tusomee shukrani, hapo mwishoni."

Akaipokea kwa mbwembwe, akasafisha koo.

"Namshukuru mume wangu mpenzi..."

Mjumbe mmoja akashikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Endelea," akasema mwenyekiti. "Mume wako alikufanyia nini?"

Mkuu aligeuza ukurasa, akaurudisha. Jasho alilolitaja likaanza kumtoka kweli. Nilifurahi, na sioni haya kusema. Mwenyekiti akamnyang'anya karatasi, akamalizia mwenyewe: "...aliyembeba mtoto wetu usiku na mchana ili mimi nipate kuandika."

Akaniamuru niifungue orodha pale pale. Nikawatenganisha wale wawili mbele ya macho ya wote, kwa kidole kile kile. Kisha akamgeukia Bi Udongo.

"Mama, una la kuongeza?"

Bi Udongo alisimama, mikono yake yenye udongo imefumbatwa mbele.

"Makala zote saba ni zangu," akasema. "Ila hiyo sentensi naomba mnifutie. Yule mtoto hakumbeba hata siku moja."