Zamu ya Maji Niliyoipa Namba Nne

Wiki iliyopita nilikosa zamu yangu ya maji shambani kwa sababu nilikuwa nimekaa nikiandika kwamba leo nina zamu ya maji. Nimeamua niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana huku milimani habari hutelemka haraka kuliko mimi.

Binti yangu Neema alikuja likizo akaniwekea kwenye simu kitu cha kupangia kazi za siku. "Baba, unaandika kila kazi, unaipa namba, ukimaliza unaweka tiki. Hupotezi muda." Mimi, mtu wa nyumbani ambaye nikishuka sokoni kununua chumvi naaga kama naenda Ulaya, nikajiona mkurugenzi. Namba moja: kunywa chai. Nikanywa, nikaweka tiki, roho ikasuuzika. Namba mbili: kumkatia ng'ombe majani. Namba tatu: kunoa panga. Nikakumbuka kuwa bila panga namba mbili haiendi, nikafuta nikapanga upya. Namba nne: maji. Nilipoinua kichwa, saa tatu ilikuwa imepita na zamu yangu imekwenda nayo. Nyingine ni baada ya siku nane, na maharage yangu yako kwenye maua. Siku nane bila maji, maua yote chini. Mbegu yenyewe ni ile nyekundu ya marehemu mama. Niliipanda yote, sikubakiza hata punje.

Enzi zetu, sisi tuliokulia miteremko ya huku Gonja, nani alikuwa na saa? Tulikuwa na ndiva, lile bwawa la mawe na udongo lililokusanya maji ya mfereji usiku kucha. Asubuhi mlinzi wake alizibua, akapiga ukelele mmoja uliofika ng'ambo ya bonde, na maji yakaanza kushuka shamba kwa shamba. Ukelele ule ukikukuta na kijiko mdomoni, unameza ukiwa mbio. Mama hakuwa na orodha. Alikuwa na neno moja tu: "Anzeni na kinachokimbia." Maji yanakimbia, basi maji kwanza. Ng'ombe amefungwa, atangoja, japo atalalamika. Makande yako jikoni, yanajipika. Daftari halina miguu, litakuwepo jioni. Kuoga hakukuwa na nafasi kabisa kwenye mpango ule, na sisi hatukuwa watu wa kumkumbusha.

Shuleni mwalimu alitukaririsha matumizi bora ya muda, kisha akatutoa nje kumwagilia mboga zake mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Tulielewa somo.

Siku moja mama alituacha kulinda mfereji, mimi na dada yangu Naeli. Tuliona maji yanakwenda yenyewe vizuri tu, udongo mkavu unanukia kama mvua ya kwanza, tukasema hapa hatuhitajiki. Tukapanda kilimani kuteleza kwa magome ya migomba mpaka kaptula yangu ikaniaga. Kurudi, jirani wa chini ameshatuzibia kwa bonge la udongo na majani, maji yanaimba kwake. Mama hakutuchapa. Jioni alitupakulia makande ya mahindi matupu, maharage ameyachambua yote, akasema: "Yenu yanateleza huko kilimani. Yafuateni."

Leo mlinzi wa ndiva hapigi tena ukelele, anatuma ujumbe. Vijana wetu wana kengele ya simu ya kuwaamsha, na nyingine ya kuwakumbusha kwamba ile ya kwanza waliizima. Lakini niwacheke kwa mdomo gani? Sisi tulifika mfereji ukiwa bado mkavu, tukayasubiri maji kwa miguu mitupu. Natamani asubuhi moja tu ya namna ile, hata na yale mahindi matupu.

Basi asubuhi ile ya zamu iliyonipita nikabeba jembe nikaenda kwa Mama Nakundwa, jirani wa shamba la chini, aliyekuwa na zamu baada yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa kuamka au umechelewa kuzaliwa?"

Nikamweleza yote, mpaka ile tiki ya chai. Nikamwomba saa moja tu ya maji yake, kwa ajili ya maua yale. Alinitazama, akayatazama maharage yangu yaliyoinamisha majani, akaguna. Kisha akachukua jembe lake, akaziba upande wake na kuzibua wangu. Maji yakaingia kwenye matuta yakifoka. Nikashukuru mara tatu, nikaanza kumweleza kwamba mimi kwa kweli si mvivu.

"Najua si mvivu," akasema. "Mvivu angekuja alfajiri, akafungulia maji, akalala pembeni. Wewe hata uvivu umekushinda."