Mume wangu alimgonga jirani bila bima, akavuka mpaka akaniacha naye

Mhariri, jina langu ulifiche. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha mwenyewe, maana hapa Elisabethville cité yetu, mtaa wa Waafrika, ni ndogo na kila mtu anajua mlango wa mwenzake.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na miwili, mtu wa Pweto, nina watoto watatu. Mume wangu ni seremala, alifundishwa kazi na mapadri. Ukuta wetu mmoja ni ukuta wa Mama Regina pia. Yeye ndiye aliyembeba binti yangu wa kwanza siku ya ubatizo, na tangu hapo tukawa ndugu kabisa. Chumvi ikiniishia, mtoto wangu alikuwa hapigi hodi kwake, anaingia tu. Mume wake, Baba Regina, alikuwa masoni, fundi wa kujenga. Nyumba nyingi za matofali mnazoziona mjini zimepita mikononi mwake.

Mume wangu alinunua pikipiki kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mwaka wa kwanza alilipa bima, ile tunayoita assurance. Mwaka ulipokwisha, yule karani wa bima akaja akasema bei imepanda, na wanataka malipo ya mwaka mzima kwa mara moja. Wakati huo tulikuwa tunaezeka nyumba bati. Nilimwambia mume wangu, "Basi pikipiki ikae ndani mpaka tupate. Uende kazini na kinga."

Kinga ni baiskeli, na yeye hakutaka kurudi kwenye baiskeli mbele ya wenzake. Akanijibu, "Mama, mi naendesha polepole. Assurance iko ya bantu benye kukimbia. Tukimaliza bati, nitalipa." Bati tulimaliza. Kisha kukawa na komunyo ya kwanza ya mtoto kanisani, kisha ugonjwa wa mama yake. Ile bima ikawa neno la kesho.

Siku ya ajali ilikuwa Jumapili, mvua imetoka kunyesha. Alikuwa anarudi kutoka Naviundu, na Baba Regina alikuwa anavuka barabara kwa miguu. Pikipiki iliteleza ikamchukua. Mume wangu alitoka na mikwaruzo. Baba Regina, mguu wake ulisagika, na hospitali wakaukata juu ya goti.

Polisi waliomba karatasi ya assurance. Ilikuwa imekufa tangu masika yaliyopita. Nilikwenda mwenyewe kwa yule karani, nikapiga magoti mbele ya meza yake. Hakunitukana. Alisema tu, "Mama, ungekuya mbele ya ajali, tungelipa siye. Sasa ni bwana yako mwenyewe."

Hakimu akasema hivyo hivyo: alipe yeye, kila mwezi, kwa sababu mgonjwa hataweza tena kupanda ukutani. Mume wangu aliuza pikipiki, akauza na randa na misumeno yake. Seremala bila vyombo atafanya kazi gani? Asubuhi moja aliniaga anakwenda Kipushi kutafuta kibarua. Hakurudi. Baadaye tukasikia amepita mpakani Mokambo, yuko upande wa Rhodesia, katika mgodi.

Tangu hapo mimi nakaanga mikate na kuuza sokoni. Nikirudi, nagawa nilichopata, sehemu moja napeleka kwa Mama Regina. Yeye hupokea bila kunitazama. Mwaka mzima hakunisemesha. Usiku nilikuwa namsikia kupitia ukuta akimgeuza mume wake kitandani, na nilitamani kwenda kumsaidia, lakini nitaingiaje?

Baba Regina ndiye anayenisemesha. Siku moja aliniambia, "Mi sina kinyongo na bwana yako. Tulikunywa naye pombe miaka mingi. Lakini angekuya tu anisalimie, asikimbie." Nilitoka pale nikalia nyuma ya nyumba watoto wasinione.

Sasa, wiki iliyopita, dereva wa kamyo, lori linalovuka mpaka, aliniletea maneno ya mume wangu. Anasema amepata nyumba ya kampuni, niuze vitu, nichukue watoto, nipande kamyo hiyo hiyo. "Amesema kule hakuna mutu mwenye anabajua nyinyi," dereva aliniambia. Kaka yangu naye ananisukuma: "Muke anafuata bwana yake. Ile ajali si yako."

Ni kweli si yangu. Na watoto wananiulizia baba yao. Yule mdogo ameanza kusahau sura yake. Mimi mwenyewe bado nampenda mume wangu, aibu gani kusema.

Lakini juzi Mama Regina alikuja mlangoni kwangu. Akabaki amesimama.

"Nasikia unaenda," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Batoto banasema."

Nilimpa kiti, akakaa. Halafu akaanza kulia, akasema, "Bwana yako alikimbia, mi nikasema, bibi yake iko. Nikakukasirikia weye mwaka muzima juu weye ndiye mwenye alibakia. Yeye sikumuona ili nimukasirikie. Sasa na weye ukienda, mi nitabakia na nani?"

Hakuniomba nisiende. Alijifuta uso kwa kitenge, akarudi kwake kumpa mgonjwa uji.

Dereva anapita tena mwisho wa juma hili. Nguo za watoto nimekwisha kuzifunga. Zangu bado ziko kwenye kamba, na kila nikienda kuzianua narudi mikono mitupu. Ninyi mnaosoma, mama zangu na kaka zangu, nipeni shauri: nimfuate baba wa watoto wangu, au nibaki na wale aliowavunja?